Kidoti Chini ya Sikio

Ngo, ngo, ngo. Kijiko kiligonga chuma cha kitanda mara tatu, kikanyamaza, kikagonga tena mara tatu, safari hii kwa hasira.

"Nakuja!" mume akaitikia kutoka chumba cha mbele, wala hakuinuka.

Alikuwa amepiga magoti sakafuni. Mbele yake palikuwa na karatasi kubwa ya kaki iliyokunjwa katikati, na juu yake nusu ya mwanamke: nusu ya paji, jicho moja, tundu moja la pua, nusu ya mdomo. Alikuwa anausugua mgongo wa karatasi kwa ukucha wa kidole gumba ili mkaa uhamie upande wa pili. Ndivyo alivyochora herufi kwa miaka ishirini na mitatu. A, M, O, T: chora nusu, kunja, sugua, kunjua, na herufi inakaa sawasawa kama iliyopimwa kwa mizani. Hakuna mkono ulionyooka kama wake, ndiyo maana watu walisahau jina alilopewa na mama yake wakamwita Herufi.

Akaikunjua karatasi. Mwanamke mzima akamkodolea macho. Jicho la kulia na la kushoto yalikuwa mapacha. Hata nyusi zilihesabika sawa. Herufi akamtazama kwa fahari, ingawa kifuani kitu kilimwambia kwamba huyu mama hajawahi kucheka tangu azaliwe.

Ngo!

Akaisukuma karatasi chini ya kochi, akapangusa mikono kwenye suruali, akaingia ndani.

Mkewe alikuwa amelala shavu la kulia limezama kwenye mto. Hivyo ndivyo alivyolala daima sasa, ili anayeingia aone upande wa kushoto peke yake. Ilikuwa wiki ya saba tangu kiharusi kimpige. Mkono wa kulia ulilala juu ya shuka kama kitu alichoachiwa amtunzie mtu. Ukutani palikuwa na kioo kidogo kilichogeuzwa, mgongo nje. Siku aliyorudi kutoka hospitali, neno lake la kwanza lilikuwa "maji" na la pili lilikuwa "kioo," na alipoonyesha kwa kidole jinsi kitakavyogeuzwa, hakuna aliyemuuliza kwa nini.

"Nikuletee maji, mwenzangu?"

"Sina kiu. Unachora nini?" Maneno yalitoka polepole, yakiegemea upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayepandisha mzigo ngazini. Lakini yalifika yote.

"Herufi tu. Jina la saluni ile mpya ya njia panda."

"Karatasi imekunjwa mara nne tangu asubuhi. Saluni gani hiyo? A, A, A, A?"

Herufi akacheka. Alicheka peke yake.

"Pumzika," akasema, akamvutia shuka hadi begani, akatoka.

Tumseme tu, kwa kuwa mwenyewe hatajisema. Katika nyumba ile kazi iligawanywa kama chumvi na sukari, kila moja kwenye kopo lake. Maneno yalikuwa ya mume, nyuso zilikuwa za mke. Mume alichora hadharani, juu ya ngazi, watu wakimpigia mluzi. Mke alichora nyumbani, kwenye mbao nyembamba alizoziegemeza dirishani, na zikikauka mume alizibeba begani na kuzipigilia ukutani kwa mwenye duka. Pembeni, chini, aliandika: HERUFI. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba nyuso zile alizichora yeye. Hakuulizwa tu. Lakini mtu akizoea kunyamaza asipoulizwa, siku ya kuulizwa ulimi huwa umeshakuwa mzito.

Na mwenye saluni alikuwa ameuliza. Alitaka wanawake watatu ukutani. "Utaweza?" Na Herufi, mkewe akiwa kitandani na kazi ikiwa imeadimika, alijibu, "Ndiyo kazi yangu."

*

"Fundi, hebu shuka."

Herufi akateremka ngazini, brashi mkononi. Safari hii hakutumia mbao. Aliogopa harufu ya rangi ingefika chumba cha ndani, kwa hiyo alichora ukutani moja kwa moja, barabarani, kweupe.

"Njoo usimame hapa niliposimama mimi. Sasa niambie. Unaona nini?"

"Mwanamke."

"Mwanamke!" Mwenye saluni akapiga makofi mara moja. "Huyu ni askari wa barabarani aliyevaa wigi. Jamani, njooni mnisaidie, pengine macho yangu yana ugonjwa."

Wateja wakatoka, mmoja ana rola kichwa kizima, mwingine nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama.

"Mimi namwona baba mkwe wangu," alisema wa rola.

"Tena siku ya kugawa urithi," akadakia wa nusu kichwa. "Dada, mimi nikipita hapa nitatoa kitambulisho."

"Na hiyo ngozi? Kapakwa masizi?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Herufi alicheka nao kidogo, kwa heshima, kama mtu anavyocheka akiwa amekanyagwa na mgeni. Ile ngozi alikuwa ameipata kwa kuchanganya kahawia na nyeusi. Nyeusi aliizidisha penye kivuli. Hivyo ndivyo herufi zinavyotiwa kivuli zionekane zimenyanyuka.

Wateja waliporudi ndani, mwenye saluni akapunguza sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na saluni mpya na ukuta wenye askari.

"Fundi, nikuulize, usikasirike. Wale wanawake wa duka la vitambaa, ulichora wewe?"

Hapo ndipo. Neno moja tu lilitakiwa, na barabara ilikuwa na nafasi ya kulitosha.

"Mimi."

"Basi nini kimekupata? Nilikuita kwa ajili ya wale. Wale ukipita unatamani kuwasalimia." Akatikisa kichwa. "Jumamosi mchana nafungua rasmi. Nikute wanawake. Bwana wa mabango ya kuchapa kaja hapa mara mbili na picha zake, nimemwambia asubiri. Usinifanye nimwite."

*

Dada wa mke ndiye aliyekuja kumwogesha kila baada ya siku moja. Alikuwa mama wa miraba minne, mwenye sauti ya kuuza samaki, na hakujua kuingia nyumba ya mtu bila habari.

"Shemeji!" alimpokea Herufi mlangoni, beseni kiunoni. "Nimempita yule afande wako. Nilitaka kumwuliza leseni, nikamwonea haya fundi wake."

"Shemeji, polepole," Herufi akanong'ona, akionyesha chumba cha ndani.

"Polepole ya nini? Nimeshamwambia."

Herufi akasimama na viatu mkononi.

"Tena nimemwambia yote," shemeji akaendelea, na safari hii sauti ilikuwa imeshuka, na iliposhuka ilitisha zaidi. "Nilikuwa nyuma yako pale barabarani, hukuniona. Ulipoulizwa nani alichora wale wa duka la vitambaa, nilikaa kimya. Nikasema, haya ni ya nyumba yao, mimi ni mpita njia. Ingia mwenyewe ukayamalize." Akamwaga maji ya beseni uani, akajifunga kanga, akaenda zake bila kuaga.

Herufi akaingia. Mkewe alikuwa ameangalia ukuta.

"Mwenzangu."

Akasogea karibu na kitanda.

"Kazi ilikuwa imekuja. Ningeiacha? Nikikuambia ungeumia, ungetaka kuinuka…"

"Kazi si neno," akasema, akiuambia ukuta. "Aliuliza nani. Ukasema nani?"

Herufi alisimama mpaka miguu ikamwuma, akatoka.

Siku iliyofuata kijiko hakikugonga. Asubuhi alikaa chumba cha mbele na mkaa wake, sikio limetegwa. Akakohoa. Akaangusha kopo kwa makusudi. Hakikugonga. Alimpelekea uji, akanywa, bila neno. Alimgeuza, akageuka kama mzigo usio na maoni. Mchana Herufi alijikuta anakitazama kijiko kile juu ya stuli, kijiko cha bati kilichopinda shingo, alichokuwa anakilaani kila kilipoita. Sasa angelipa akisikie. Nyumba ina vyumba viwili na watu wawili, na kila mmoja yuko peke yake. Ukiwa wa mtu asiye na mwenzake unaeleweka. Ukiwa wa wawili wanaotenganishwa na pazia la mlangoni, huo nani atauombea?

*

Ijumaa asubuhi alikwenda duka la vitambaa. Alijiambia anakwenda kunakili. Hata karatasi alibeba.

Wanawake watatu walikuwa palepale juu ya mlango, mbao zimeanza kufumuka pembeni. Miaka minne alikuwa anapita chini yao, na kila alipopita aliangalia maandishi yake: VITAMBAA VYA KILA AINA. Herufi V mbili, zote sawa. Leo kwa mara ya kwanza aliwatazama wao.

Wa kwanza jicho lake la kushoto lilikuwa dogo kidogo kuliko la kulia, kama aliyetaka kucheka akajizuia. Wa pili mdomo ulipanda upande mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nusu mbili zilizolingana, na wote walikuwa hai. Vivuli vyao havikuwa vyeusi. Chini ya taya palikuwa na rangi kama ya zambarau, na kwenye paji palikuwa na manjano, kama jua limewagusa wao tu.

Na chini ya sikio la kushoto la wa kwanza palikuwa na kidoti, kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Cha wa pili kilikuwa palepale. Akamtafutia wa tatu. Hakikuwapo. Palikuwa na ukungu tu, mahali rangi ilipofutwa kwa kitambaa chenye tina ya kuyeyushia rangi.

Herufi akakumbuka mkono uliofuta. Ulikuwa huu huu uliobeba karatasi. Alikuwa akizikagua mbao kabla ya kuzibeba, na kila alipokiona kidoti alidhani rangi imedondoka. Mke wangu huyu mkono wake haujatulia, alijisemea. Akafuta. Ubao wa duka la mikate alifuta. Wa kinyozi alifuta. Wa zahanati alifuta vyote viwili. Hivi viwili vya hapa vilipona kwa sababu siku ile alikuwa na haraka.

"Unatafuta kitambaa, mzee?" mwenye duka alimwuliza.

"Hapana," alisema Herufi. "Nakitafuta nilichokifuta."

Mwenye duka akamtazama, akarudi kupima vitambaa vyake.

*

Aliingia bila kuvua viatu.

"Kidoti," akasema. "Nilikuwa nakifuta."

Mkewe aliendelea kuutazama ukuta.

"Najua. Wa duka la mikate nilikirudisha mara mbili. Ukafuta mara mbili. Nikasema, basi, huyu haoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza?"

Herufi akaketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, kama mtu aliyemaliza safari na kukuta si kwao.

"Nilidhani ni doa."

"Si doa. Uso ukiwa sawa pande zote unakuwa kama sahani. Kidoti kinaliambia jicho: huyu ana upande huu, na ana upande ule. Na…" Akapumzika, akavuta pumzi. "Na kilikuwa changu. Wewe uliandika chini kwa herufi kubwa. Mimi nilikuwa na kile tu."

Nje kulipita mkokoteni. Herufi akageuza kichwa kumwelekea.

"Nimekanusha jasho lako mbele ya watu," akasema. "Kesho nitakwenda kusema. Hata akimwita bwana wa kuchapa, nitasema."

"Utasema huku yule afande yuko ukutani?" Kitu kikacheza kwenye pembe moja ya mdomo wake. "Watakuamini haraka sana. Leta mkaa. Leta na karatasi. Usiikunje."

Akaleta.

"Chora."

"Nimchore nani?"

Mkewe alivuta pumzi tena, ndefu. Kisha polepole, kwa mkono wa kushoto, akausukuma mto, akageuza kichwa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki saba akampa mumewe uso mzima.

Shavu la kulia lilikuwa limeshuka. Kope ya jicho lile ilining'inia, na mdomo upande ule ulikuwa umeteleza kama herufi iliyoandikwa rangi ikiwa nyepesi mno. Herufi alitazama, akatazama chini.

"Huku," mkewe akasema. "Mimi nipo huku. Karatasi haina uso."

Alichora. Alipoanza na mstari wa katikati, akaambiwa aufute. "Uso hauna mstari wa katikati, huo ni wa fundi seremala." Alipochora macho kwanza, akaambiwa macho ni ya mwisho, ukiyaweka mapema yatakutazama ukosee. Alipouliza ngozi, akaambiwa nyeusi aitupe: kahawia, nyekundu kidogo, na penye kivuli tone la buluu, paji na ncha ya pua, manjano. "Na weupe wa jicho si mweupe. Tia ngozi kidogo ndani yake. Jicho jeupe kabisa ni la maiti au la afande."

Wakacheka. Cheko la mke lilitokea upande mmoja, na Herufi akagundua kwamba hakuwahi kulijua cheko lile hata lilipokuwa pande mbili. Angeulizwa jana lilikuwaje, asingekuwa na jibu.

Jua lilikuwa limehamia miguuni mwa kitanda alipomaliza.

"Nionyeshe."

"Bado haijawa…"

"Nionyeshe."

Akaiinua karatasi. Ndiyo iliyokuwa kioo cha kwanza cha mkewe tangu kile cha ukutani kigeuzwe. Alijitazama kwa muda mrefu, na mumewe, mikono imeshika karatasi juu, alihisi mabega yanawaka moto lakini hakuthubutu kuishusha.

"Shavu," akasema mwisho.

"Limekuwaje?"

"Limeshuka kuliko hapo. Umenionea huruma. Futa, ulishushe."

Herufi akafuta, akalishusha.

"Hapo. Sasa ni mimi." Akainua mkono wa kushoto, akachukua mkaa, na kwa shida, akikosa mara ya kwanza, akagusa karatasi chini ya sikio. "Hii si ya ukutani. Iweke chini ya mto."

*

Jumamosi kabla ya adhuhuri wanawake watatu walikuwa wamesimama kwenye ukuta wa saluni. Askari alikuwa amepakwa chokaa akazikwa chini yao. Hawakuwa kama wale wa duka la vitambaa, na mwenye macho angejua. Wa katikati shingo ilizidi urefu. Lakini wa kwanza alikuwa anajizuia kucheka, na wa tatu alikuwa amechoka kama watu wanavyochoka kweli, na kila mmoja alikuwa na kidoti chini ya sikio la kushoto.

"Haya sasa!" mwenye saluni alishangilia. "Mkono wako umerudi, fundi."

Wateja walikuwa wamejaa mlangoni. Wa rola alikuwapo, leo bila rola.

"Si mkono wangu," Herufi akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nilikudanganya. Wale wa duka la vitambaa alichora mke wangu. Wa mikate, wa zahanati, wa kinyozi, wote. Hawa amenifundisha yeye, akiwa kitandani. Mimi ni wa herufi tu."

Alisubiri. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kicheko, hata kwa kufukuzwa.

"Ahaa," mwenye saluni akasema. "Mpe pole." Kisha akageuka. "Nani alichukua funguo za kabati? Wageni wanafika sasa hivi!"

Ikawa imekwisha. Wateja wakaingia ndani. Herufi akabaki na makopo yake barabarani, na ukweli wake mkononi kama mtu aliyeleta zawadi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Akachukua brashi nyembamba. Mahali alipozoea kuandika jina lake, pembeni, chini, hakuandika kitu.

Alipokaribia nyumbani alisikia kabla ya kuona. Ngo, ngo, ngo. Akaongeza mwendo, makopo yakigongana.

"Umesema?" mkewe aliuliza, kabla hajavuka pazia. Hakuwa amelala juu ya shavu. Alikuwa chali, uso wote juu.

"Nimesema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Wakasemaje?"

Herufi alifikiri kudanganya, kidogo tu, kwa wema. Akaacha.

"Wakasema pole. Kisha wakatafuta funguo."

Mkewe alitazama dari. Nusu ya mdomo ilikaza, ikalegea.

"Basi ndivyo," akasema. "Hawakuona. Miaka yote ile."

Herufi akaweka makopo chini. Akachukua stuli, akaisogeza upande wa kulia wa kitanda, upande ulioanguka, ambako hakuna aliyewahi kuketi tangu kiharusi, akaketi hapo. Akaushika ule mkono uliopooza.

"Jumatatu nabeba ngazi," akamwambia, taratibu, akimtazama. "Naanza duka la vitambaa, yule wa tatu. Kisha mikate, kisha kinyozi, kisha zahanati, wote wawili. Kila ukuta nilikofuta kidoti, nitakirudisha, chini ya sikio la kushoto, na jioni nitakuja kukuambia ni wangapi wamebaki. Nakuahidi, mwenzangu. Sitaruka hata mmoja."